Aliyeanguka Wakati wa Ombi

Evaline alianguka kanisani mchana kweupe, mbele za watu, na hakuna aliyemsukuma. Ilikuwa Sabato, wakati wa ombi la kufunga ibada. Kwaya imesimama, mchungaji ameinua mikono, kila mtu amefumba macho kama inavyopasa. Evaline naye akafumba yake. Hapo hapo akahisi sakafu imeondoka chini yake. Akayumba, akanyoosha mkono amshike mwenzake wa sauti ya pili, akamkosa, akaenda chini pamoja na kinanda. Kinanda cha watu, jamani, walichokichangia kwa kuuza tangawizi!

Alipofumbua macho aliona nyuso zimemwinamia. Hakuna aliyemuuliza kama ameumia. Nyuma ya nyuso hizo mtu mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini si kwa kunong'ona pia, "Leo kazidisha."

Kazidisha nini? Mwanamke ambaye hata chai ya majani haijui ladha yake! Evaline alizaliwa na kukulia katika kitongoji kile cha juu ya Suji, akabatizwa pale, akaolewa pale na Eliakimu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuonja pombe hata ya kubahatisha. Lakini watu walikuwa na ushahidi wao, na ushahidi wa watu wa kijiji ukishakamilika huwezi kuuvunja hata uje na malaika. Walikuwa wamemwona, si mara moja, akipita njia ya chini, ile inayopita kwa Jabiri. Na Jabiri kazi yake inajulikana: anakamua miwa, anapika pombe ya dengelua, na wanaotoka kwake hutoka wakiyumba.

Ni kweli Evaline alikuwa akipita pale. Alipita kwa sababu ile njia ni tambarare. Njia fupi ya kwenda shambani ni mawe matupu na mteremko, na miguu yake ilikuwa haimwambii tena inakanyaga nini. Basi. Hakuna zaidi ya hilo. Angepita kwa Jabiri au kwa Farao mwenyewe, alichotaka ni ardhi iliyolala.

Mambo yalianza mbali. Miaka ya nyuma mwanawe wa pekee, Loth, aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda kule Same, kwenye barabara kuu. Akalazwa hajitambui. Evaline alipiga magoti kando ya kile kitanda, akamwekea Mungu nadhiri: kama mtoto huyu ataamka, mimi sitatia tena kinywani kitu kitokacho kwa chenye pumzi. Si nyama, si samaki, si yai, si maziwa. Loth akaamka. Akaomba maji, kisha akauliza pikipiki yake iko wapi, mjinga yule. Mama yake akalia na kucheka kwa pamoja, na tangu siku hiyo akaishika nadhiri yake.

Aliyeambiwa ni Eliakimu peke yake. Loth aliona tu mama amejiwekea sahani yake, makande yake hayana maziwa, akadhani ni mambo ya kula kwa afya yanayofundishwa kanisani. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Evaline kufika huko. Waliofundisha walikunywa maziwa yao na kula mayai yao bila wasiwasi. Yeye alikuwa analipia uhai wa mtoto, na mama akilipia uhai wa mtoto hatafuti punguzo.

Miaka ikapita salama. Halafu akaanza kuchoka. Akawa mweupe viganjani na ndani ya midomo, akipanda ngazi ya shamba anakaa chini kuhema. Eliakimu aliingiwa na hofu. Akateremka hadi Same, akaingia duka la dawa, akaomba vidonge vya kuongeza damu, akapewa foliki. Akampa mkewe kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi baada ya ombi, na maji ya vuguvugu. Na damu ikarudi kweli! Uso ukang'aa, midomo ikawa na rangi, watu wakamwambia Mama Loth umerudi usichana. Eliakimu kila akienda Same harudi bila vile vidonge. Alikuwa na raha ya mtu aliyemponya mkewe.

Miguu ikaanza wakati huohuo. Kwanza sisimizi, wanatembea nyayoni na hawaonekani. Kisha ganzi. Siku moja alifika nyumbani na kandambili moja, nyingine imebaki kwenye tope huko nyuma, na yeye hakujua imemvuka saa ngapi. Akinawa uso, sabuni ikimwingia machoni akayafumba, anapepesuka na kushika ukuta. Akajifunza kutembea akitazama miguu yake, kuiongoza kwa macho. Alimwambia mumewe, "Baba Loth, miguu yangu inakufa ganzi." Eliakimu akamtazama ule uso mzuri wenye damu, akasema, "Ni baridi ya huku juu, mke wangu. Mbona unaonekana mzima?"

Ndipo likaja lile la kinanda.

Eliakimu alimwinua siku ile, akamkokota hadi nyumbani, akamkalisha kwenye kiti. Kisha akainama, akasogeza uso wake karibu na mdomo wa mkewe, akavuta pumzi.

Ananusa. Evaline alielewa papo hapo, na moyo wake ukavunjika, hakuna neno lingine la kuliita jambo lile. Alimngoja aseme. Alingoja aulize hata kwa ukali, hata kwa matusi, "Umekunywa?" ili naye apate kujibu. Eliakimu hakuuliza. Alisimama wima, akavua koti lake la Sabato, akalitundika msumarini, akatoka kwenda kuwapa ng'ombe majani.

Na Evaline naye akafunga mdomo. Mtasema ni kiburi. Haya, kiburi basi! Mwanamke ameishi na mtu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, amemzalia, amemzika mama yake, halafu ananuswa. Angeanzia wapi kujitetea?

Wazee wa kanisa wakamletea ujumbe kwa upole wa kutisha: apumzike kwaya kidogo, hadi hali itakapotulia. Ujumbe wenyewe aliuleta Eliakimu, akausema akiwa anatazama mlango. Tangu hapo Evaline hakulalamika tena juu ya miguu. Ganzi ikapanda magotini, yeye kimya. Vidole vikashindwa kufunga vifungo vya gauni, akaanza kuvaa ya kuingiza kichwani, kimya. Sufuria zikimponyoka, jirani wanatazamana. Vidonge akaendelea kuvimeza kila asubuhi, kwa sababu Eliakimu aliendelea kuvileta. Nyumba ile ilikuwa na ombi asubuhi na ombi jioni, na katikati yake hakuna mtu anayemuuliza mwenzake kitu. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine ukaanza.

Loth alipanda mlimani siku ya msaragambo, kila nyumba ikitakiwa kutoa mtu wa kwenda kuzoa tope la ndiva, maana bwawa hilo lisiposafishwa hakuna atakayemwagilia. Alikuwa fundi simu pale mjini Same na hakuwa amekuja muda mrefu. Alimkuta mama yake anatoka jikoni ameshika ukuta, anarusha miguu mbele na kuibwaga chini, pa, pa, macho hayabanduki sakafuni.

"Shikamoo mama. Mama, umekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo."

"Hujambo nini! Tangu lini unatembea hivi?"

Evaline akaanza kulia. Alikuwa amengoja swali hilo muda mrefu sana, na aliyeliuliza si mumewe. Loth hakwenda kwenye ndiva. Alikodi gari, na Eliakimu akavaa koti lake akapanda nyuma bila kuambiwa, wakateremka wote watatu hadi hospitali huko chini.

Daktari aliyewapokea alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Lugano, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimgonga Evaline magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa kijiti na kumuuliza anasikia wapi. Evaline hakuwa anasikia popote. Kisha akamwambia asimame, aunganishe miguu.

"Vizuri, mama. Sasa fumba macho."

"Sifumbi."

"Kwa nini?"

"Nitaanguka. Na nikianguka watu husema maneno."

"Anguka tu. Nipo hapa, nitakudaka."

Akafumba. Akayumba mara moja, akaenda upande kama gunia, na yule kijana akamdaka kifuani kama alivyoahidi. Akamrudisha kitini taratibu. Kisha akamgeukia Eliakimu, akauliza lile swali ambalo madaktari humuuliza kila mtu, "Mzee, mama anatumia pombe?"

Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akaizungusha kofia, akaizungusha tena.

"Sijui," akasema.

Sijui! Loth aligeuka akamtazama baba yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Evaline hakugeuka. Alimjibu daktari mwenyewe, sauti imekauka: "Sijaionja tangu nizaliwe."

"Na chakula, mama? Unakula nini?"

Hapo ndipo ilibidi aseme yote, nadhiri na sababu yake, na Loth yupo pale pale anasikia. Hakuweza kumtazama mwanawe akisema. Loth alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa, akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekukataza." Evaline akasema, "Ndiyo maana sikukuambia."

Damu ilipelekwa Moshi kupimwa, na majibu yaliporudi daktari aliwaita tena. Alivuta kiti akaketi mbele ya Evaline, si mbele ya wanaume.

"Mama, nguvu za miguu bado unazo. Kinachokosekana ni habari. Mguu ukikanyaga, habari haifiki kichwani kwamba umekanyaga. Ulikuwa unasimama kwa msaada wa macho tu. Ukiyafumba, huna kinachokusimamisha."

"Habari imekwama wapi?"

"Kwenye mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Vitamini B kumi na mbili imekwisha mwilini mwako. Katika mboga na maharage haimo. Tunaipata kwenye nyama, mayai, maziwa, samaki. Ini lilikuwa na akiba, ndiyo maana ulikaa miaka bila kuona kitu. Akiba imekwisha."

Akawaeleza polepole, na Evaline alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri. Vitamini hiyo ikiingia mwilini, alisema, hugeuzwa kuwa maumbo mawili yaliyo tayari kwa kazi. Umbo moja hufanya kazi pale seli inapotengeneza nguvu zake. Linausaidia mwili kumalizia kuchoma aina fulani ya mafuta, na likikosekana taka zake hurundikana. Umbo la pili linaitwa methilikobalamini. Kazi yake ni kupokea kipande kidogo sana kutoka kwa foliki na kukikabidhi kwa kemikali nyingine ya mwili. Kupokea na kukabidhi tu, mchana na usiku. Lakini kwa kukabidhi huko foliki inafunguliwa iende ikasaidie kutengeneza damu, na mwili unapata methionini, ambayo bila hiyo ile ala inayovika mishipa ya fahamu haitunziki.

"Kama plastiki ya waya," Loth akasema.

"Hasa. Wake umechunika."

Eliakimu akapiga hatua moja mbele. "Daktari, damu yake ilirudi. Nilimletea vidonge mimi mwenyewe. Akawa na rangi, kila mtu aliona."

"Vidonge gani, mzee?"

"Foliki."

Daktari Lugano alisugua paji la uso. Ungemwona ungejua hataki kusema. "Mzee, mtu akimeza foliki nyingi kutoka nje, damu inapata njia ya pembeni. Haihitaji tena kusubiri ile vitamini iifungulie. Mishipa ya fahamu haina njia ya pembeni. Kwa hiyo uso ulipona, na miguu ikaendelea kuharibika. Bila vile vidonge angeendelea kupauka, mngeogopa, mngemleta mapema."

Eliakimu akashika ukingo wa meza. Evaline akamwonea huruma, ya kweli, iliyomjia bila kuitwa. Vile vidonge hakuwahi kumhesabia kuwa kosa, wala hatamhesabia. Vilikuwa mapenzi. Mtu alimpenda mkewe kwa vidonge kila asubuhi, na jioni akamshuku.

Daktari akaivuta vitamini hiyo kwenye sindano. "Sindano hiyo," Evaline akauliza, "imetoka kwa mnyama?"

"Hapana, mama. Wanaoitengeneza hasa ni bakteria, hata ng'ombe anayo kwa sababu yao. Hii inatoka kiwandani, na imeshakuwa methilikobalamini tayari. Nadhiri yako haijaguswa."

"Nichome."

Alichomwa kwa wiki na wiki. Vidole vikarudi, siku aliyofunga kifungo cha shingoni peke yake alimwita Loth aje aone. Maumivu ya moto yakaja miguuni, na daktari akasema ni dalili njema. Kisha miguu ikafika mahali ikasimama. Haikuendelea tena. Alipewa chuma cha kutembelea, akaweza kwenda nacho mahali palipo sawa, mchana, akiona anapokanyaga. Palipoinuka hakuweza.

Eliakimu alimfuata daktari koridoni, na Evaline akasikia kila neno kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

"Angekuja lini ndiyo angepona kabisa?"

"Sisimizi walipoanza, mzee. Hata alipoanza kuanguka, bado tulikuwa na nafasi nzuri."

"Ule mwaka wote."

"Ndiyo. Ule mwaka ndio uliochukua miguu."

Evaline akahamia kwa Loth, chumba cha uani pale Same, sakafu ya saruji, uwanja tambarare hadi bombani. Eliakimu akawa anateremka kila Jumapili. Alikuja na mchicha, ndizi, maharage mabichi, akavipanga chini kimoja kimoja. Alikuwa amekonda. Alisimama kanisani mbele ya watu, alisema, akawaambia kwamba mkewe alikuwa mgonjwa na hakuwa mlevi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza aliyemkosea. Alilia pale mbele. Loth alimsikiliza akatazama pembeni.

Jumapili moja alikuja na jambo. Uso wake ulikuwa na matumaini hadi ikaumiza kuutazama.

"Mama Loth, vijana wamekubali. Wametengeneza machela. Watakupokea gari linapoishia, wakubebe hadi nyumbani. Sabato utaingia kanisani. Kanisa lote linataka kukuomba radhi. Kwaya wamekuwekea kiti, utaimba umekaa. Watu watafurahi sana."

Evaline aliyakunjua majani ya mchicha mapajani mwake, akayapanga tena. "Watafurahi," akasema. "Watapumua. Halafu mimi?"

"Utakuwa nyumbani."

"Baba Loth, nimewasamehe. Waambie hivyo, na usiwaongezee neno. Na wewe nimekusamehe, nimeliombea jambo hilo hadi nikalipata. Lakini kule juu sirudi."

"Ni miguu? Tutakubeba. Mimi mwenyewe nitakubeba."

"Si miguu tu." Akatafuta namna ya kusema bila kumuumiza, akaona hakuna. "Siku ile ungeniuliza. Nilikaa kwenye kile kiti nikangoja uniulize. Nikangoja hadi ulipomaliza kulisha ng'ombe. Nikangoja mwaka mzima, na kila siku ulikuwa hapo. Ukaulizwa na mtu baki kama mkeo ni mlevi, ukasema hujui."

Machozi yakamshuka Eliakimu hadi kwenye kola ya shati, na hakuyafuta. Evaline alitamani kunyoosha mkono amguse, na mikono sasa ilikuwa mizima, ingefika. Mkono haukunyooka.

"Nitahamia huku," akasema Eliakimu mwishoni. "Niuze ng'ombe, nikae huku."

"Shamba ni lako na watu wako wako kule. Njoo Jumapili, kama unavyokuja. Utakuta chakula."

Akakaa tena kidogo, mikono magotini, kama anayesubiri aambiwe jambo jingine. Halikuja. Mwisho akasimama, akachukua kofia yake, akasema ngoja awahi gari la kupanda mlimani kabla halijajaa. Evaline akamshukuru kwa mboga. Kisha akageuza uso kuelekea ndani, akamwita mwanawe.

"Loth," akasema, "msindikize baba yako."